Lenzi ndefu ni ya kusimamia mbali, si ya kuingilia kiotani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu hoja moja iliyotolewa na msomaji mwenzangu alipoisifu picha ya ndege akiwalisha makinda wake kiotani, picha ambayo gazeti lako liliichapisha kwa ukubwa wa karibu nusu ukurasa. Msomaji huyo, ambaye sina shaka aliandika kwa nia njema, alidai kwamba picha ya namna ile haiwezi kuwa imemsumbua ndege kwa kuwa ilipigwa kwa lenzi ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali vionekane karibu, na kwamba mwenye lenzi ndefu hana haja ya kuulizwa zaidi. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kwa bahati mbaya nimewahi kuitoa mwenyewe, ndiyo maana naona sina budi kuipinga.

Nimekuwa nikipiga picha za ndege wa porini kwa miaka mingi. Nilianza na lenzi ya milimita 300 iliyokuwa imekwisha kupita mikononi mwa watu wengine, na sasa natumia ya milimita 600, yenye uzito wa kilo tatu hivi bila kamera wala tripodi, ambayo mabega yangu hayaipendi hata kidogo. Kutokana na uzoefu huo naweza kusema kwamba lenzi ndefu, yenyewe kama yenyewe, haimpi ndege amani yoyote. Inachompa mpiga picha ni hiari: ama arudi nyuma na kupata picha ileile aliyokuwa akiipata karibu, ama asimame palepale alipokuwa akisimama zamani na kumpata ndege akiwa mkubwa zaidi. Hiari ya kwanza ndiyo tunayoitaja tunapojitetea kwa jamaa zetu wanaotuuliza kwa nini tumetumia fedha nyingi kiasi kile kwa kipande cha kioo. Ya pili ndiyo wengi wetu tunayoichukua tukishafika porini na hakuna anayetutazama.

Hesabu yenyewe si ngumu, na naona inafaa niieleze kwa sababu ndiyo chanzo cha mambo yote yanayofuata. Ukubwa wa taswira ya ndege ndani ya kamera hupatikana kwa kuzidisha urefu wa ndege kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita 300 au 600 nilizozitaja, kisha kugawanya kwa umbali uliopo kati yao. Tumchukue ndege wa kadiri ya shomoro, mwenye sentimita 15 kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, aliyetua mita 15 kutoka kwa mpiga picha. Kwa lenzi ya milimita 600, taswira yake itakuwa na urefu wa milimita 6 kwenye kihisi, kile kipande kinachonasa picha ndani ya kamera, chenye upana wa milimita 36, yaani sehemu moja ya sita tu ya fremu. Watu huvunjika moyo wanapoligundua jambo hili kwa mara ya kwanza, kwa sababu walidhani lenzi nene kama paja ingemjaza shomoro fremu nzima akiwa ng'ambo ya bwawa. Ili ndege huyo achukue theluthi mbili za upana wa fremu, mpiga picha angelazimika kuwa umbali wa mita 3.75, ambao ni karibu kuliko lenzi nyingi za urefu huo zinavyoweza hata kufokasi.

Hapo ndipo miguu inapoanza kutembea. Mtu aliyesimama mita 15 huona kwenye kioo cha kamera yake ndege mdogo aliyezungukwa na majani matupu, akakumbuka picha alizoziona zikisifiwa, akasogea hatua mbili; ndege asiporuka, akasogea nyingine mbili. Huu mwendo wa hatua mbilimbili naujua kwa miguu yangu mwenyewe, na mara nyingi mwisho wake huwa mmoja: picha ya tawi tupu linalotikisika.

Sasa, Mhariri, naomba hesabu hiyo tuilete kwenye meza yako, kwa kuwa nadhani gazeti lina sehemu yake katika jambo hili bila kujua. Kamera ya kawaida ya siku hizi yenye pikseli milioni 24 huwa na pikseli 6,000 kwa upana wa fremu. Yule ndege wetu aliyeko mita 15, ambaye mpiga picha anamwona mdogo mno, amechukua sehemu moja ya sita ya fremu, kwa hiyo ana pikseli 1,000 kutoka mdomo hadi mkia. Karatasi ya gazeti, kwa jinsi inavyonyonya wino, kwa kawaida haihitaji zaidi ya nukta 80 hivi kwa kila sentimita. Maana yake ni kwamba ndege huyo, akikatwa kutoka kwenye fremu na kuachiwa nafasi kidogo pembeni, anaweza kuchapishwa akiwa na urefu wa sentimita 12 na zaidi bila kupoteza unyoya hata mmoja ambao jicho la msomaji lingeuona. Nilichukua rula nikampima ndege wa kwenye picha iliyozusha mjadala huu: ana sentimita 11. Hivyo kwa mahitaji ya ukurasa wako hapakuwa na sababu yoyote ya mtu kumkaribia ndege wa kadiri ile kwa chini ya mita 15. Mkasi wa chumba cha habari ungeifanya kazi hiyo bila kumshtua kiumbe yeyote.

Kuhusu picha yenyewe nitasema kwa tahadhari, kwa sababu sikuwapo, mpiga picha simjui, na sina nia ya kumtuhumu. Naeleza tu kinachoonekana na mtu yeyote mwenye gazeti lile. Upande wa kushoto wa kiota kuna vijiti vitatu ambavyo ncha zake ni nyeupe na bapa, jambo ambalo halifanywi na upepo wala na mnyama anayekula majani. Jua limewapiga makinda moja kwa moja, na vivuli vyao viko chini yao kabisa, dalili kwamba ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Mzazi ana mdudu mdomoni, makinda wamefumbua vinywa, lakini yeye hawatazami. Amegeuza kichwa kuelekea kwenye kamera. Msomaji mwenzangu aliliita hilo tazamo la ujasiri. Mimi naliona kuwa ni la mzazi aliyesitisha kulisha.

Inawezekana kabisa kwamba picha ile ilipigwa kutoka mita 15, au hata 20. Lakini jambo ambalo mtetezi wa lenzi ndefu hakulifikiria ni kwamba urefu wa lenzi ndio unaoleta haja ya kukata matawi. Anayetazama kiota kutoka mbali ana majani mengi zaidi kati yake na kiota kuliko anayekitazama kwa karibu. Isitoshe, lenzi ya milimita 600 iliyofunguliwa tundu lake la mwanga kufikia f/4, ambao ni uwazi mkubwa, na kufokasiwa umbali wa mita 10 huonyesha kwa uwazi tabaka lenye kina cha sentimita 7 hivi tu; kila kijiti kilichoko mbele ya tabaka hilo hugeuka kuwa doa la kijani au la kijivu linalofunika kifua cha ndege. Basi mtu huacha kamera kwenye tripodi, huenda mpaka kiotani na kisu, hufungua dirisha katika majani, hurudi nyuma mita zake 15, hupiga picha, kisha huandika kwa dhamiri safi kwamba alitumia lenzi ndefu. Umbali aliouandika ni wa kweli, na madhara pia ni ya kweli.

Majani yale hayakuwa pambo. Makinda wasio na manyoya hawawezi kudhibiti joto la miili yao katika siku zao za mwanzo, kwa hiyo hutegemea kivuli cha jani au cha mbawa za mzazi, na mzazi anayesitasita kurudi kwa sababu ya mtu aliyesimama mbele yake hawezi kuwapa kivuli hicho. Jua kali la mchana linaweza kuwaua kwa muda mfupi. Na hata wakinusurika na jua, kuna kunguru. Kunguru si mjinga. Huona mtu akirudi mara kwa mara mahali pamoja, na dirisha lililofunguliwa kwa ajili ya lenzi yetu humfaa yeye vilevile. Mpiga picha huondoka jioni akiwa na kadi iliyojaa, kiota kikabaki wazi, na yeye hatajua kamwe kilichotokea alfajiri. Hii ndiyo sababu watu wengi waungwana huapa kwamba hawajawahi kudhuru kiota, nao hawasemi uongo. Hawakurudi kutazama.

Huenda mtu akauliza kwa nini, basi, picha za viotani zimekuwa na heshima kubwa namna hii kwa miaka yote. Jibu liko katika historia ya chombo chenyewe. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walianza kazi hiyo mwaka 1892 kwa picha ya kiota chenye mayai, wakati ambapo kamera ilikuwa sanduku zito, picha ilinaswa kwenye bamba la kioo, na kila bamba lilikuwa nafasi moja tu. Lenzi za telefoto, yaani hizi ndefu, zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza. Dallmeyer, mtengenezaji wa lenzi wa Uingereza, alikuwa amesajili hataza ya lenzi yake mwaka 1891, na lenzi hizo zilipitisha mwanga mdogo kiasi kwamba ndege asiyetulia angetoka kama moshi. Mtu wa wakati ule alimfuata ndege kiotani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo angeweza kujua kwa hakika kwamba ndege atakuja na atatulia. Walijificha kwa ubunifu wa kustaajabisha. Akina Kearton walifikia hatua ya kujificha ndani ya ng'ombe wa bandia aliyefunikwa ngozi halisi. Desturi ya watu wawili kuingia kwenye maficho kisha mmoja kutoka, ili ndege adhani mahali pamebaki patupu kwa kuwa hawezi kuhesabu vizuri, nayo ni ya tangu zamani, na nakiri kwamba inafanya kazi hadi leo kwa ndege wengi, ijapokuwa nina mashaka makubwa kama kunguru amewahi kudanganyika nayo.

Hata hao mabingwa waliulipia ukaribu huo. Eric Hosking, mmoja wa wapiga picha za ndege mashuhuri zaidi wa karne iliyopita, alipoteza jicho moja mwaka 1937 baada ya bundi aliyekuwa akilinda makinda wake kumvamia usiku alipokuwa akirejea kwenye maficho yake.

Lakini sababu iliyowapeleka wote hao kiotani haipo tena. Tangu mwaka 2020 hivi zimekuwapo kamera zinazolitambua jicho la ndege zenyewe na kulifuata hata akiwa katikati ya matawi. Zinapiga picha 20 au 30 kwa sekunde moja, kimya kabisa, bila ule mlio wa kioo kinachoinuka na kushuka ambao zamani ulimfanya ndege ashtuke kwa kila picha. Mbawa zinazopiga kwa kasi zinaweza kugandishwa kwa kasi ya shata ya sehemu 1 ya 3,200 ya sekunde, kwenye mwanga ambao babu zetu katika kazi hii wasingethubutu kufungua kasha la kamera. Mwenye chombo cha aina hiyo anaweza kumpata ndege akioga, akigombana, akivua samaki, akimchumbia mwenzake, akipambana na upepo. Kuendelea kumngojea mlangoni kwake ni kufuata mazoea ya zama za bamba la kioo huku mkononi tuna mashine ya zama nyingine.

Nisije nikaonekana mtu anayenyooshea wenzake kidole. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimkuta kitwitwi kwenye ufuko wa changarawe, ambaye badala ya kuruka alianza kujikokota mbele yangu akiwa ameburura bawa moja kana kwamba limevunjika. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimfuata kwa lenzi, nikapiga picha zaidi ya mia, na nilipochoka kusimama nilikaa palepale nilipokuwa, nikasubiri arudi, naye akarudi, akarudia mchezo wake. Nilikaa pale karibu saa nzima. Baadaye nilimwonyesha picha hizo mzee mmoja aliyekuwa akiwachunguza ndege tangu ujana wake, nikitarajia sifa. Alizitazama moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza mayai yalikuwa umbali gani kutoka nilipokuwa nimekaa. Sikuwa na jibu, kwa sababu sikujua kwamba kulikuwa na mayai. Kitwitwi hujifanya mlemavu ili amwondoe adui kwenye kiota chake, ambacho si zaidi ya kishimo kidogo ardhini, na mayai yenye madoa yasiyotofautiana na kokoto. Wakati nikimshangilia kama mwigizaji, mayai yalikuwa yanapikika juani. Picha hizo bado ninazo. Ni kali, mwanga wake ni mzuri, na sijawahi kumwonyesha mtu mwingine.

Tangu wakati huo nimejifunza kumtazama ndege kabla ya kuitazama kamera. Ndege aliyestarehe hula, hujichambua manyoya, husimama kwa mguu mmoja, husinzia. Aliyeanza kuwa na wasiwasi huacha kula, hunyoosha shingo, hubana manyoya yake mwilini hadi aonekane mwembamba, huchutama kama anayejiandaa, na mara nyingi hunya kabla ya kuruka, jambo ambalo wapiga picha wa ndege wanaoruka hulitumia kama kengele ya kujiweka tayari. Mimi naona kwamba kengele hiyo ilipaswa kusikika mapema zaidi, pale shingo iliponyooka. Hapo mtu husimama, huinama, hutazama kando, hurudi nyuma hatua kadhaa, na akiwa na subira ataona shingo ikishuka tena. Kumwendea ndege kwa mshazari, bila kumkazia macho, humtisha kidogo kuliko kumwendea moja kwa moja. Kubaki ndani ya gari mara nyingi ni bora kuliko kutembea, kwa sababu ndege wengi wanaoliogopa umbo la binadamu hawalijali gari lililozimwa. Wala hakuna kipimo kimoja cha umbali kinachowafaa wote: yangeyange aliyezoea watu hukuruhusu hatua kumi, na yangeyange wa mahali pengine huondoka ukiwa bado hujafungua mkoba.

Liko kosa jingine ambalo lenzi ndefu hulificha vizuri kuliko hata la kiotani, nalo ni kuwarusha ndege makusudi ili kupata picha ya kundi likiwa hewani. Nimemwona mtu akiwa na lenzi ya kifahari juu ya tripodi huku mwenzake akiwakimbiza ndege wa pwani upande wa pili kwa kupiga makofi. Picha ya kundi linalogeuka pamoja juani hupendeza kweli, na hakuna msomaji atakayejua ilivyopatikana. Lakini wengi wa ndege hao ni wasafiri. Mwaka 2022, ndege mmoja wa pwani wa aina iitwayo kitaalamu Limosa lapponica, aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua popote, naye alikuwa na umri wa miezi mitano tu hivi. Ndege wa namna hiyo hubeba mafuta mwilini kama akiba ya safari, na akifika huwa amekonda. Kila dakika ya kula kati ya maji kupwa na maji kujaa ina thamani kwake. Kumrusha mara tano kwa asubuhi moja ni kumnyang'anya akiba ambayo ameipigania kwa mbawa zake.

Kuhusu kuwaita ndege kwa sauti zilizorekodiwa kwenye simu sitasema mengi. Dume anayesikia wimbo wa dume mwingine ndani ya himaya yake huacha kila kitu kuja kupigana na adui ambaye hayupo, na anaweza kufanya hivyo kutwa nzima ikiwa wapiga picha watapokezana. Mwenye lenzi ya milimita 600 anayehitaji pia kipaza sauti amekiri mwenyewe kwamba hakuja kumtazama ndege akiishi.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi yake nazikubali. Picha zimewafanya watu wengi wawapende ndege ambao wasingewaona maishani mwao, na mimi mwenyewe niliingia katika mapenzi haya kwa mlango huo. Lenzi ndefu imewasaidia hata watafiti, kwa maana namba za pete wanazofungwa ndege miguuni, ambazo zamani zilisomeka kwa kumkamata ndege tena au kumkuta amekufa, leo zinaweza kusomeka kwenye picha iliyopigwa kutoka mbali naye akiendelea kutembea kwenye tope. Kwa hiyo siombi watu waache lenzi zao. Ninachopinga ni kwamba jina la chombo litumike kama cheti cha mwenendo mwema. Na tukumbuke kwamba zipo siku ambazo chombo hicho hakisaidii kitu: jua likishapanda na ardhi ikaanza kuchemka, hewa hutetema kati ya lenzi na ndege, na picha hutoka kana kwamba imepigwa kupitia maji, hata ukiwa na lenzi bora duniani. Wengi hudhani dawa yake ni kusogea karibu. Dawa yake ni kurudi nyumbani na kuamka mapema kesho yake.

Ninayo maombi kwa gazeti lako, nayo hayagharimu chochote. Kwanza, kila picha ya ndege wa porini iambatane na maelezo ya jinsi ilivyopatikana: umbali wa kukisia, urefu wa lenzi, kama ndege aliitwa kwa sauti au kuvutwa kwa chambo, na kama imekatwa. Mpiga picha anaweza kudanganya, najua, lakini anayetakiwa kuandika jambo hulifikiria kabla ya kulitenda. Mashindano makubwa yamejifunza somo hilo kwa uchungu. Mwaka 2010 waamuzi wa Wildlife Photographer of the Year walimvua ushindi mshindi mkuu wa mwaka uliotangulia baada ya kuona kuwa huenda mbwamwitu aliyeruka lango kwenye picha yake alikuwa wa kufundishwa, ingawa mpiga picha alikana. Kama waamuzi wale walihitaji maelezo zaidi ya uzuri wa picha, msomaji wa kawaida anayahitaji zaidi.

Ombi langu la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba gazeti liache kuchapisha picha za viota vyenye mayai au makinda zinazotumwa na wapiga picha wa kujitegemea. Nimejaribu kufikiria namna ya kuweka vighairi, kwa mfano ndege wanaozaliana ukutani au chini ya mapaa na waliozoea watu, kama mbayuwayu, lakini kila kighairi nilichokiandika nilikiona jinsi kitakavyotumiwa vibaya, nikakifuta. Anayetuma picha ya kiota na ikachapishwa nusu ukurasa amewafundisha wengine mia mahali pa kwenda kutafuta nusu ukurasa wao. Na ikiwa ndege ni wa nadra, basi jina la mahali lisitajwe, na mpiga picha akumbushwe kufuta alama za eneo ambazo kamera na simu nyingi huziandika ndani ya faili la picha bila kumwuliza mwenyewe. Mfumo wa mtandaoni wa eBird wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambao hupokea kumbukumbu za ndege kutoka kwa watu wa kila pembe ya dunia, huficha mahali hasa walipoonekana baadhi ya ndege walio hatarini. Sioni kwa nini gazeti liwe jepesi wa ulimi kuliko wao.

Pamoja na barua hii nimeambatisha picha moja ya kitwitwi, si yule wa zamani. Imepigwa kwa milimita 500 kutoka mita 22 hivi, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye tope, saa moja na robo asubuhi, nje ya msimu wake wa kuzaliana. Alikuwa akila nilipofika, na alikuwa bado anakula nilipojiondoa kwa kutambaa kinyumenyume, zoezi ambalo halimletei heshima mtu wa umri wangu. Kwenye fremu anaonekana mdogo, na pande zote kuna tope tupu linalong'aa. Nimeiacha hivyohivyo bila kuikata; mkasi uko kwenye meza yako.

Wako katika kuwapenda ndege,

Msomaji wa siku nyingi